Mistari ndani ya ngao za Louis XIV

Swali: Ninayo chapa ya picha ya Mfalme Louis XIV wa Ufaransa, iliyochongwa kwenye bamba la shaba. Chini ya fremu ziko ngao mbili zilizofunikwa na taji moja. Moja ina mistari ya kulala, nyingine ya kusimama. Je, hicho ni kivuli tu?

Jibu: Si kivuli, ni rangi. Wino mweusi hauonyeshi rangi za ngao, kwa hiyo wachongaji wengi wa karne ya 17 walifuata utaratibu ulioenezwa na kitabu cha Mjesuiti Silvester Petra Sancta, kilichochapishwa Roma mwaka 1638: mistari ya kulala ni buluu, ya kusimama ni nyekundu, vitone ni dhahabu, na mahali palipoachwa patupu ni fedha. Utaratibu huu unahusu ngao peke yake. Mistari ya ukutani, ya joho na ya mashavu ya mfalme ni kivuli kweli.

Tazama kwa kioo cha kukuzia. Ngao yenye mistari ya kulala itakuwa na mayungiyungi matatu ya dhahabu, alama ya Ufaransa. Ya pili itakuwa na minyororo ya dhahabu, alama ya Navarre, ufalme mdogo uliokuwa kati ya Ufaransa na Hispania. Hapa ndipo nasaba inaposomeka, tena waziwazi kuliko usoni. Henri IV, babu yake Louis, alirithi Navarre kwa mama yake, Jeanne d'Albret, mwaka 1572, kisha mwaka 1589 akapata Ufaransa, ambako kiti cha enzi hakikuweza kurithiwa kupitia mwanamke, kwa kuwa upande wa baba alitoka katika uzao wa Louis IX, mfalme wa Ufaransa wa karne ya 13. Ngao hizo mbili ni urithi wa kuumeni na wa kukeni uliowekwa bega kwa bega. Mikufu inayozizunguka, kama ipo, ni ya nishani za kifalme za Ufaransa: Mtakatifu Mikaeli, ya mwaka 1469, na Roho Mtakatifu, ya mwaka 1578.

Angalia pia kila ngao iko upande gani. Chapa hugeuza kilichochongwa kama kioo kinavyogeuza, hivyo mchongaji hodari alichonga kinyume ili Ufaransa, yenye nafasi ya heshima, itokee kushoto kwa mtazamaji. Ukiikuta kulia, shuku kwamba unayo nakala iliyochongwa kwa kufuata chapa nyingine bila kuigeuza.