Kura zikihesabiwa sawasawa, fedha za mgombea zinaharibu nini? Majibu ya aliyewahi kutunza hazina ya kampeni

Mleta mada ameuliza hivi: ikiwa kila raia ana kura moja na kura zinahesabiwa mbele ya mashahidi, wingi wa fedha za mgombea mmoja unaharibu haki ya uchaguzi kwa njia gani, au ni kisingizio tu cha walioshindwa? Ameongeza kwamba yeye mwenyewe anashawishiwa kugombea ubunge, na kuna mtu aliyeahidi kumgharamia. Niliwahi kuwa mtunza hazina wa kampeni ya ubunge, na baadaye nikamsaidia mgombea mwingine ambaye hakufika hata kwenye uteuzi, hivyo nitajibu kwa niliyoyaona humo pamoja na yale yanayojulikana kutoka nchi ambazo zimejaribu kulidhibiti jambo hili.

Hoja ya wanaosema fedha hazinunui ushindi ina ukweli ndani yake. Bilionea Michael Bloomberg alitumia zaidi ya dola bilioni moja za mfukoni mwake kutafuta uteuzi wa chama cha Democratic kugombea urais nchini Marekani, akashinda katika visiwa vya American Samoa peke yake, na mwezi Machi 2020 akajitoa. Lakini wanaoupenda mfano huu husahau nusu yake ya pili. Bloomberg aliingia kinyang'anyironi mwezi Novemba 2019, wenzake wakiwa wamezunguka nchi karibu mwaka mzima, na kwa wiki kadhaa alitajwa kuwa mshindani wa kweli. Kamala Harris, aliyekuwa ameanza mapema mwaka huo, alijitoa mwezi Desemba akieleza kwamba kampeni yake haikuwa na fedha za kuendelea. Mmoja alichelewa akasikika, mwingine aliwahi akanyamaza kabla ya kura ya kwanza kupigwa. Kwa hiyo tukitafuta athari za fedha katika matokeo ya siku ya mwisho tu, tutakuwa tunazitafuta mahali ambapo kazi yake kubwa imeshamalizika.

Kazi hiyo huanza ndani ya vyama. Yule mgombea wangu wa pili alikuwa mtu anayefahamika na kuheshimika jimboni, mwenye hoja alizokuwa amezifanyia utafiti wa kina, lakini katika kikao cha kwanza na watu wenye ushawishi chamani aliulizwa amejiandaa vipi, na hakuna aliyedhani anaulizwa habari za sera. Wajumbe wanaoteua huwa mia chache tu. Katika uchaguzi mkuu wapiga kura ni maelfu kwa maelfu, na hata tajiri hawezi kumfikia kila mmoja kwa bahasha. Katika kura za maoni, yaani zile za kuteua mgombea ndani ya chama, majina ya wajumbe yanajulikana, nyumba zao zinajulikana, na gharama ya kuwafikia wote inahesabika kwenye karatasi moja. Mahali ambapo chama kimoja kina uhakika wa kushinda jimbo, kura hizo chache ndizo uchaguzi wenyewe, na sheria nyingi za gharama za kampeni huzigusa kwa mbali au hazizigusi kabisa. Wakati mwingine kizuizi huwekwa waziwazi: nchini Nigeria, kuelekea uchaguzi wa 2023, chama tawala cha APC kiliwauzia wanaotaka kuteuliwa kugombea urais fomu kwa naira milioni 100. Nchini Japani anayegombea jimbo la baraza la wawakilishi huweka dhamana ya yeni milioni 3, na asipofikisha sehemu moja ya kumi ya kura halali huipoteza. Dhamana ina sababu zake, maana karatasi ya kura yenye majina ya wafanya mzaha nayo ni kero, ila kiwango kikiwa kikubwa kinachokaguliwa ni akaunti ya mtu wala si uzito wa nia yake.

Baada ya uteuzi gharama hupanda kwa sababu ambayo wasiokaa ndani ya kampeni hawaioni: hakuna anayejua kwa hakika ni matumizi gani yanayoleta kura. Mpinzani akiongeza magari yenye vipaza sauti, nasi tunaongeza. Akitundika mabango barabara nzima, waratibu wetu wanalalamika kwamba tumekufa. Katika daftari langu mafuta, matangazo ya redio na posho za waratibu vilikua kila wiki bila mtu yeyote kuweza kueleza faida yake, na nina hakika mtunza hazina wa upande wa pili alikuwa anaandika mambo yaleyale. Juu ya hayo kuna madai ya misiba, ada za shule na matibabu, ambayo humfuata mgombea miaka kabla ya kampeni kufunguliwa rasmi. Siwalaumu wanaoomba. Mahali ambapo hakuna bima wala mfuko wa jamii, mtu mwenye mgonjwa nyumbani atamwendea yeyote anayetafuta uongozi, na mgombea anayekataa huonekana hana utu. Sheria hushindwa kuchora mstari hapa. Tanzania iliwahi kuruhusu takrima kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2000, kwa maelezo kwamba ni ukarimu wa kawaida, hadi Mahakama Kuu ilipovibatilisha vifungu hivyo mwaka 2006.

Sasa nije kwenye jambo linaloigusa moja kwa moja hoja ya mleta mada kwamba kura zinahesabiwa mbele ya mashahidi. Mashahidi hao ni mawakala wa wagombea, na mawakala wanagharamiwa na wagombea. Kila kituo kinahitaji wakala wake, na mwenye busara humwandalia wa akiba. Wote wanapaswa kuapishwa, kusafirishwa, kulishwa kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane, na kulipwa kiasi kitakachowafanya wasishawishike na bahasha ya upande mwingine saa za jioni. Katika kampeni yangu, siku hiyo moja ilikula fungu kubwa kuliko matumizi mengine yoyote. Mgombea asiye na uwezo huacha vituo vya pembezoni wazi, na vituo vya pembezoni ndivyo ambavyo waangalizi pia hawafiki. Matokeo yakitiliwa shaka, ushahidi wa kwanza ni nakala ya fomu iliyotiwa saini kituoni, nayo hukaa mkononi mwa wakala. Asiyekuwa na wakala hana nakala, na asiyekuwa na nakala ataieleza mahakama nini? Hata mlango wa mahakama una ada yake: nchini Kenya, sheria ya uchaguzi humtaka anayepinga ushindi wa mbunge aweke dhamana ya shilingi 500,000, na anayepinga ushindi wa rais aweke shilingi milioni moja, kabla hajamlipa wakili. Kwa hiyo uaminifu wa hesabu yenyewe, ambao mleta mada ameuchukua kuwa umekwisha kupatikana, nao unanunuliwa.

Kuhusu deni linalobaki baada ya ushindi nitasema kwa kifupi, kwa kuwa wengi wanalijua. Mfadhili mkubwa wa kampeni yangu hakuwahi kuomba risiti, na wala hakuwahi kutoa sharti. Alichopata ni kwamba simu yake ilipokelewa mara ya kwanza ilipoita, na wageni aliowaleta hawakusubiri foleni. Hapo hakuna kosa la jinai ambalo mpelelezi angeweza kulishika, ila wapiga kura wengine wote walisubiri.

Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni kuweka ukomo wa matumizi, na historia yake inafundisha mengi. Uingereza iliweka ukomo kwa wagombea wa majimbo mwaka 1883, na kwa zaidi ya karne moja mgombea mmojammoja alibanwa huku chama kitaifa kikitumia kadiri kilivyoweza, mpaka sheria ya mwaka 2000 ilipovibana vyama pia. India ina tatizo hilohilo hadi leo: mgombea ana ukomo, chama hakina. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu katika shauri la Buckley dhidi ya Valeo mwaka 1976 ilikubali ukomo wa michango lakini ikakataa ukomo wa matumizi, ikiyahesabu kuwa sehemu ya uhuru wa kujieleza, na mwaka 2010, katika shauri la Citizens United, ikayaruhusu makampuni na vyama vya wafanyakazi kutumia fedha bila kikomo mradi wasiwe wanashirikiana na mgombea. Kenya ilitunga sheria ya fedha za kampeni mwaka 2013, ikaahirisha utekelezaji wake hadi baada ya uchaguzi wa 2017, na uchaguzi wa 2022 nao ukafanyika bila ukomo unaotekelezwa.

Ufaransa ndiyo iliyonivutia zaidi, kwa sababu kule daftari la mtunza hazina linasomwa. Michango ya makampuni imepigwa marufuku tangu 1995, serikali humrudishia sehemu ya gharama mgombea aliyepata angalau asilimia 5 ya kura, na hesabu zikikataliwa fedha hizo hazitoki. Nicolas Sarkozy, rais aliyekuwa akitetea kiti chake, alikataliwa hesabu za kampeni ya 2012 kwa kuvuka ukomo, na chama chake kikalazimika kuwachangisha wanachama zaidi ya euro milioni 10 kuziba pengo. Hata hivyo mfumo huo nao humwadhibu anayekosa kidogo tu: mwaka 2022 Valérie Pécresse, aliyegombea urais, alipata asilimia 4.78, akajikuta anadaiwa binafsi takriban euro milioni 5. Hata hivyo ningeuchagua kuliko ule nilioufanyia kazi, ambapo kila senti iliyopita mikononi mwangu iliandikwa kwa usahihi, lakini magari yaliyoazimwa na marafiki na matangazo waliyoyalipia wafuasi hayakuwa na mahali pa kuandikwa, na ofisi iliyopokea hesabu zetu haikurudi na swali hata moja.

Ningeambiwa nichague hatua moja ya kuanzia, nisingeanza na ukomo. Ningetaka serikali igharamie mawakala wa wagombea wote kwa kiwango sawa, na nakala ya fomu ya kila kituo ibandikwe mlangoni na kuwekwa mtandaoni usiku uleule, kwa kuwa hiyo ni gharama inayojulikana mapema, inakaguliwa kwa urahisi, na humwondolea mgombea maskini mzigo mzito kuliko yote.

Kwa mleta mada, kuhusu huyo aliyeahidi kukugharamia: kabla hujampa jibu, andika bajeti ukianzia siku ya kupiga kura na kurudi nyuma, mawakala kwanza, mabango mwisho. Kisha mwombe alipe kwa hundi kwenye akaunti ya kampeni na jina lake litangazwe kabla ya uchaguzi. Akisita katika hilo la jina, tafuta wachangiaji wadogowadogo hata kama itakubidi usubiri uchaguzi unaofuata.