Duaradufu ni ya Kepler
Nani aligundua kwamba sayari hulizunguka Jua kwa duaradufu, yaani duara lililobanwa kidogo? Mwanaastronomia Kepler; mwenzake wa kabla yake, Copernicus, hapana. Yeye mwaka 1543 aliliweka Jua katikati, lakini sayari zake bado zilizunguka kwa miduara iliyobebana, mikubwa na midogo, mtindo uleule wa Ptolemy, mwanaastronomia wa kale. Duaradufu ilikuja na Kepler, 1609. Alikuwa na vipimo vya sayari ya Mirihi (Mars) alivyoviacha mtazamaji wa nyota Tycho Brahe, vilivyochukuliwa kwa macho matupu kabla ya darubini, na hesabu yake ya mduara ikapishana navyo kwa dakika 8 tu za pembe, kama robo ya upana wa mwezi mpevu. Mwingine angesema liwalo na liwe. Yeye akaitupa hesabu yote, akaanza upya.

Ila michoro ya vitabuni yenye umbo la yai inatia chumvi. Njia ya Mirihi ukiichora kwa vipimo halisi, kwa macho ni duara tu. Kinachoonekana ni kwamba Jua halipo katikati. Na kwa nini njia iwe duaradufu, Kepler hakujua, alidhani Jua lina nguvu mfano wa sumaku. Jibu la hilo lilisubiri Newton, 1687.