Kabla ya Kununua Kiwanja, Uliza Kama Pale ni Mtaa au Kijiji

Nilipotafuta kiwanja pembezoni mwa Mbeya niliyaamini macho yangu. Niliona matuta ya viazi mviringo, ng'ombe wawili waliofungwa chini ya mparachichi, na njia ya udongo isiyopitika kwa gari wakati wa masika. Nikaona hapa ni kijijini, nikalipa, na karatasi ya mauziano ikagongwa muhuri wa serikali ya kijiji. Miezi kadhaa baadaye, nilipoanza kufuatilia hati, nikaelezwa kwamba eneo lile lilikwisha kuwa mtaa wa mjini, kwamba muhuri ule haukuwa na nguvu tena, na kwamba upande mmoja wa kiwanja changu ulikuwa barabara katika mchoro wa mipango miji. Mzee aliyeniuzia hakunidanganya, kwani hata yeye alijua pale ni kijijini, kama baba yake alivyojua.

Tatizo ni kwamba mpaka wa mji huwekwa kwa tangazo la serikali, wala haufuati viazi vinapoishia. Uyole ina mashamba, lakini imo ndani ya Jiji; Mbalizi, pamoja na maduka yake na malori ya barabara ya Tunduma, imo katika Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, nje ya Jiji. Halmashauri ya Mji wa Njombe, kwa upande wake, ina mitaa na vijiji kwa pamoja. Wataalamu wenyewe hawana kipimo kimoja: Denmark huhesabu makazi ya watu 200 kuwa mji, ilhali Japani huanzia watu 50,000. Kwa hiyo hata tunaposoma kwamba katika sensa ya mwaka 2022 takribani asilimia 35 ya Watanzania 61,741,120 waliishi mijini, yafaa kuuliza kwanza mji ulipimwaje.

Kwa mnunuzi, jina hilo la mtaa au kijiji lina uzito mkubwa. Kijijini, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi husimamiwa na halmashauri ya kijiji, ambayo hutoa hati ya hakimiliki ya kimila. Mjini hati husubiri mchoro na upimaji. Hata umeme uliwahi kutofautiana sana: mwaka 2022 kuunganishiwa kulikuwa Sh 27,000 vijijini, na mijini kulianzia Sh 320,960.

Nakusihi, basi, usitosheke na neno la muuzaji wala la jirani. Nenda kwa mtendaji wa kata, kisha ofisi ya ardhi ya halmashauri, ukiwa umeshaandika majina ya majirani wanaopakana na kiwanja. Uliza mambo matatu: eneo hili leo ni mtaa au kijiji, lilitangazwa lini, na je, lina mchoro? Ukiambiwa mchoro upo, omba uonyeshwe kiwanja chako juu yake kabla hujatoa hata shilingi ya kishika nafasi.