Subiri ttoggo kabla hujalipa kodi

Januari na Februari kila nyumba ya Kampala ni nzuri. Ukuta umekauka, rangi bado inanuka upya, na mwenye nyumba anakungojea getini na funguo mkononi. Mimi ni dalali wa nyumba mwaka wa kumi na moja sasa. Wateja wangu wengi ni Waswahili wenzangu, Wakongo, Wakenya na Watanzania waliofuata biashara. Wote nawaambia hivi: kama una pa kulala kwa muda, subiri ttoggo. Ndivyo Waganda wanavyoziita mvua za Machi mpaka Mei. Wenzetu wa Ulaya miezi hiyo hutoka kutazama maua. Mimi hutoka kutazama maji yanapita wapi.

Nilijifunza kwa aibu. Februari moja nilimpangishia mama wa Bukavu na wanawe watatu muzigo wa vyumba viwili kwenye bonde upande wa kaskazini wa mji. (Mgeni asishtuke: muzigo hapa si furushi, ni chumba cha kupanga kwenye safu ya vyumba. Niliwahi kumwambia Mtanzania kwamba imebaki mizigo mitano, akaniuliza ya nani.) Aprili, saa saba usiku, simu ikalia. "Dalali, watoto nimewapandisha juu ya meza." Nilifika alfajiri kwa bodaboda. Maji yalikuwa yameshaondoka, yameacha tope na mstari ukutani, usawa wa goti. Rangi mpya ilikuwa imebanduka, na chini yake nikaona mstari mwingine, wa zamani, juu kidogo ya ule wa usiku ule. Mwenye nyumba alijua. Mimi sikuuliza. Hela ya udalali nilimrudishia yote yule mama, lakini hata leo tukikutana soko la Owino anageuza uso.

Tangu hapo sitazami vigae kwanza. Natazama kilichopandwa. Magimbi, ambayo Waganda huyaita mayuni, yakiwa yamenenepa majani bila mtu kuyamwagilia, kando yake miwa, na hatua chache mbele mafunjo, basi umesimama kwenye kinamasi, hata kama umeonyeshwa hati yenye mhuri. Halafu namtafuta mkaanga chapati wa pale pembeni. Naagiza rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai mawili na kabichi, nakula taratibu, ndipo nauliza. Namna ya kuuliza ina maana. Ukisema "Maji hufika hapa?" utajibiwa hapana, maana hakuna anayependa mtaa wake usemwe vibaya. Sema, "Mwaka jana maji yalifika wapi?" Kijana mmoja alinyoosha mwiko wake wenye mafuta akagusa mguu wa meza yake, sehemu ambayo mbao ilikuwa nyeusi. Jibu la namna hiyo hulipati kwa dalali, mimi nikiwemo.

Na kwa kuwa nimetaja kula: msimu huu sibebi chakula. Asubuhi ni mayuni ya kuchemsha na chai, hayo hayo ninayoyatilia shaka shambani. Mvua ikikatika jioni kumbikumbi, ambao hapa ni nswa, hutoka, na kesho yake sokoni nswa hupimwa kwa kikombe, zimekaangwa kwa chumvi. Ukiziona zile uyoga ndogo nyeupe, obutiko obubaala, nunua bila kusita, kisha mwombe mtu anayejua azipike kwa mchuzi wa karanga. Mimi nimejaribu mara mbili nikapata uji wenye mchanga.

Usiku umeme ukikatika nasoma kwa tochi ya simu. Riwaya ninazo, ila mteja wangu mgeni namshauri aanze na Sura ya 15 ya Katiba ya Uganda ya 1995, inayohusu ardhi na mazingira. Si ndefu. Ibara ya 237 ndiyo inayokwambia kwamba vinamasi, maziwa na mito vinashikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi wote, kwa hiyo anayekukatia kiwanja mafunjoni anakuuzia kesi. Ibara hiyo hiyo inasema asiye raia anaweza kukodi ardhi tu, na Sheria ya Ardhi ya 1998 ikaweka kikomo cha miaka 99. Mkenya akiambiwa anauziwa mailo, ardhi ya Buganda yenye hati ya kudumu, iwe yake moja kwa moja, amkimbie huyo muuzaji.

Mailo yenyewe ni mtihani. Ilitokana na Mkataba wa Buganda wa 1900, na mpaka leo kipande kimoja kinaweza kuwa na mwenye hati na mwenye kibanja, yaani anayeikalia ardhi hiyo bila hati, wote na haki zao. Wa kibanja akitaka kuuza, sheria inamtaka ampe wa hati nafasi ya kwanza ya kununua. Wewe mnunuzi raia usimalizane na mmoja tu. Kaa na wote wawili siku moja, mahali pamoja, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa, akiwepo, na mpaka wa kiwanja mutembee kwa miguu. Viatu vichafuke.

Jumapili simu nazima. Masika nawapeleka watoto maporomoko ya Ssezibwa, njia ya Jinja, kwa sababu ndio wakati maji yake yana kishindo. Wazee wa Buganda husimulia kwamba mto huo na ndugu yake walizaliwa na mwanamke, mapacha, na watu bado huenda pale kuomba na kuacha sadaka kwenye miamba. Binti yangu aliniuliza kama mto una baba. Njiani tulisimama Namawojjolo tukala kuku wa mshikaki na ndizi ya gonja ya kuchoma, tumefunga vioo vya gari, mvua inapiga paa mpaka hatusikilizani, na swali lake sijalijibu.

Jumamosi hii nina nyumba mbili za kuonyesha Kyanja. Mteja ameniomba twende saa nne, jua likiwa limetoka. Nimemwambia alete mabuti ya mpira, tutakwenda mvua ikianza kunyesha.