Nyonyo ya bandia na meno ya mbele

Waalaykum salaam dada. Umeuliza kama nyonyo ya bandia ndiyo iliyomwachia mwanao wa miaka miwili na nusu ule uwazi wa meno ya mbele, na bibi yake huko Wete anasema ni maumbile tu.

Inawezekana sana ni nyonyo. Ikikaa mdomoni mchana na usiku, meno ya juu husukumwa mbele, na mtoto akiuma nyuma, ya mbele hayakutani. Lakini usikate tamaa: akiacha kabla ya miaka mitatu au hapo karibu, mara nyingi meno hujirudi yenyewe. Akiendelea hadi miaka minne au mitano, kazi huwa kubwa.

Mimi kilichonishtua zaidi ni hiyo asali uliyosema mnaichovyea nyonyo. Hiyo iacheni leo, si kesho! Sukari ikilala kwenye meno usiku kucha huyatoboa, tena hayo ya mbele ya juu ndiyo huanza. Na kwa mtoto mchanga asiyetimiza mwaka asali hapewi kabisa, hata tone, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli.

Wangu nilimwachisha mchana kwanza, usiku ukabaki. Alilia siku tatu, jirani wakadhani anaumwa. Mwanao mswakie kwa dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele, kisha mpeleke kwa daktari wa meno amtazame. Bibi mwambie taratibu, usimvunjie heshima.