Manjano na Miguu Inayokufa Ganzi

SWALI: Mama yangu ana kisukari na anameza metformini. Usiku miguu inamfa ganzi. Jirani amemwambia alambe kijiko cha manjano kila asubuhi, eti yanakinga neva (mishipa ya fahamu). Ni kweli? – Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Jirani hajatunga. Kurukumini, kemikali inayoyapa manjano rangi, imekinga seli za neva za panya maabarani. Kwa binadamu ushahidi bado ni hafifu. Tena piga hesabu: kijiko cha chai ni gramu 3 hivi za unga, na kurukumini ni kama asilimia 3 tu, yaani miligramu 90, ambazo nyingi hutoka na choo bila kufyonzwa. Kulamba makavu ni kupoteza manjano. Afadhali ayakaange kidogo kwenye mafuta ya mchuzi wa ngege, kisha atie pilipili manga. Piperini iliyomo hulichelewesha ini kuiondoa kurukumini.

Unga wenye rangi kali kupita kiasi auache. Bangladesh waliwahi kukuta umetiwa rangi yenye madini ya risasi, sumu ya neva hizo hizo! Anunue mizizi, aikaushe, asage.

Vidonge vya kurukumini asiviguse bila daktari, hasa kama anatumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au ana mawe kwenye nyongo.

Lakini mimi ningeanzia kwenye metformini. Ikitumiwa miaka mingi hupunguza vitamini B12, na upungufu huo nao huleta ganzi. Kliniki wampime B12 pamoja na wastani wa sukari ya miezi 3 iliyopita. Na asikande miguu kwa maji moto: ngozi iliyokufa ganzi huungua bila yeye kuhisi.