Ute wa bakteria kwenye mbegu: jibu kwa mkulima mwenzangu wa Ruangwa

Mkuu, umeuliza kama hiyo "chanjo ya mbegu kwenye jeli ya asili ya bakteria" unayouziwa, yaani bakteria wa kupaka kwenye mbegu kabla ya kupanda, inafaa kwa karanga, soya na mikorosho yako, au ni maji ya sukari yaliyotiwa rangi. Mimi nalima Nachingwea na nimehangaika na chanjo hizi misimu mitatu, kwa hiyo nitakujibu kwa yaliyonikuta.

Mikorosho itoe kabisa. Soma pakiti: kama kilichomo ni rizobia, yaani bakteria wanaokaa kwenye vinundu vya mizizi, hao kwa kawaida huelewana na jamii ya kunde tu. Mkorosho hauoti vinundu hata uumwagie pipa zima. Karanga na kunde nazo zisikutoe jasho, maana udongo wetu una rizobia wa kienyeji wanaozikubali. Ng'oa shina la kunde shambani kwako, tafuta kinundu mzizini, kipasue kwa ukucha. Ukikuta wekundu kama wa nyama, wapo kazini na wanalisha mmea naitrojeni, chakula chake. Ukikuta weupe au ukijani, hakuna kitu. Soya ndiyo mgeni huku, mara nyingi haimkuti mwenzake ardhini, kwa hiyo yeye ndiye wa kuchanjwa.

Sasa hiyo jeli, nianze na kwa nini inahitajika. Msimu wa kwanza niliagiza chanjo ya unga kutoka Dar. Ikapandishwa basi, wakaiweka mbele karibu na injini, na nilipoipokea ilikuwa ya moto kama andazi. Sikujali. Nikaikoroga na maji ya sukari, nikapaka mbegu, nikapanda saa tano asubuhi wakati mchanga unachoma nyayo. Wiki ya sita soya ikawa njano shamba zima. Ning'oe shina, mizizi misafi kama uzi wa cherehani, kinundu hata cha dawa hakuna. Nikawatukana waliotengeneza. Bwana shamba alipokuja akaniuliza maswali mawili tu, ilisafirije na ulipanda saa ngapi, akacheka: "Wewe ulipanda maiti."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kazi kubwa si kumpata bakteria, ni kumfikisha mzizini akiwa hai. Biashara hii ni ya zamani, Wajerumani Nobbe na Hiltner walipata hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya chanjo ya rizobia mwaka 1896, na mpaka leo adui ni walewale: joto, jua na ukavu. Kibebeo cha kawaida, yaani kitu cha kumbebea bakteria, ni udongo mweusi wa kinamasi uliosagwa. Unafaa, ila ukishapakwa kwenye mbegu na kupigwa upepo unakauka na kupukutika.

Bakteria mwenyewe ana dawa yake. Rizobia wakikuzwa maabara hutoa ute, ukiwatazama kwenye sahani wanang'aa na kuvutika kama mlenda. Ute ule ni polima, yaani minyororo mirefu ya vipande vinavyojirudia, hapa vya sukari, na kazi yake mojawapo ni kushika maji ili mwenye nao asikauke. Wapo pia wanaojiwekea akiba ya chakula mwilini kwa namna ya polima nyingine, ambayo watu huivuna wakatengeneza plastiki inayooza. Basi wataalamu wakasema: kwa nini tusimvike bakteria wa shambani ute wa bakteria mwenzake?

Ute maarufu zaidi wa namna hiyo ni gundi ya zanthani. Inatokana na Xanthomonas campestris, yule yule anayeozesha kabichi kwa weusi! Usiogope, kiwandani bakteria huuawa, gundi ikatenganishwa na kukaushwa ikawa unga. Iligunduliwa katika maabara ya wizara ya kilimo ya Marekani kule Peoria, Illinois, na mwaka 1969 ikaruhusiwa kwenye vyakula huko kwao. Geuza chupa ya mayonezi, ukiona E415 ndiyo hiyo. Nyingine ni aljineti, ambayo mtafiti Bashan mwaka 1986 aliitumia kufungia bakteria ndani ya vishanga vidogo. Bakteria kadhaa huitengeneza, ila ya madukani hutoka kwenye mwani wa kahawia. Mwani unaolimwa Kilwa ni mwekundu, unatoa gundi nyingine, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba malighafi iko hapo pwani.

Msimu wa pili nikanunua zanthani ya waokaji mikate. Mara ya kwanza niliimwaga yote kwenye maji na kupata madonge kama bada lililoshindikana, nje utelezi, ndani unga mkavu. Ujanja ni kuichanganya kwanza na sukari kavu, kisha unanyunyiza kidogo kidogo huku unakoroga. Kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa kabisa kinatosha. Unatia chanjo, unamiminia mbegu mpaka zing'ae tu, zisilowe. Unazianika kivulini juu ya mkeka, na jioni hiyohiyo unapanda. Mama watoto alizishika akasema, "Leo tunapanda mlenda."

Nilipanda mistari ya zanthani na mistari ya maji ya sukari, chanjo moja, vipande viwili, kila kimoja kwa siku yake. Kwenye kipande kilichopata mvua usiku uleule sikuona tofauti yoyote. Kwenye kipande nilichopanda wiki iliyofuata, mbegu zililala kwenye mchanga mkavu siku nne kabla ya mvua, na hapo mistari ya zanthani ikawa na vinundu vinene karibu na shina, ya sukari vya kuokoteza. Kwa hiyo jeli ni bima ya siku za ukavu. Mvua zetu unazijua, kwangu bima hiyo ina thamani, lakini si ya kulipia bei mara mbili wakati gundi yenyewe ni kijiko kimoja.

Mbegu zilizopakwa dawa ya ukungu usizichanje, unaua ulichonunua. Na soya usiipande chini ya mikorosho iliyopigwa salfa, ile dawa ya ubwiri, miaka na miaka. Salfa ikidondoka huongeza tindikali kwenye udongo, na rizobia hawaipendi.

Ukiagiza, omba basi la usiku, pakiti ifungwe kwenye gazeti lililoloweshwa ndani ya ndoo yenye mfuniko, na konda aambiwe ni dawa ya kuku. Nikisema mbolea wanaitupa kwenye buti, nikisema dawa ya kuku wanaishika vizuri.